Fundi Yirdaw na Betri za Dama

Yirdaw Bezabih hakuwa na haraka ya kushika spana. Ukimpelekea lori bovu kwenye gereji yake pale Kombolcha, nyuma ya maegesho ya malori, kwanza atakuuliza ugonjwa ulianza lini, asubuhi au mchana, injini ikiwa baridi au imetoka njiani, mkipanda mlima au mkishuka. Halafu atalizunguka mara moja, mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe. Madereva wageni walimwona mzee mvivu. Sisi wenyeji tulijua kwamba akimaliza ule mzunguko, nusu ya kazi imekwisha.

Kuna lori moja la mahindi lililokuwa likizimika kila likipanda mlima wa Tarmaber, na likifika tambarare linawaka kama si lenyewe. Mafundi wawili walishabadilisha pampu ya dizeli na kila chujio lililokuwemo. Yirdaw aliuliza swali moja tu: linapozimika, tenki limejaa au limefika nusu? Dereva akakuna kichwa, akasema nusu, siku zote nusu. Yirdaw akalala chini ya tenki, akatoa bomba la kufyonzea, akaonyesha ufa mdogo katikati yake. Tenki likijaa, ufa umezama ndani ya dizeli na hakuna neno. Likifika nusu, bomba linavuta hewa badala ya mafuta. Alilichomelea kwa robo saa, wakati ndugu zetu wale wawili walikuwa wameliweka lori lile wiki tatu.

Na lori jingine lilikuwa likikanyagwa breki, taa za kuonyesha kona nazo zinawaka, na ukiwasha taa kubwa, honi inakoroma. Mwenyewe alishaanza kusema amerogwa. Yirdaw hakugusa waya hata mmoja wa taa. Alitafuta ule waya mnene unaorudisha umeme kwenye bodi, akakuta mtu ameufungia juu ya rangi mpya. Akakwangua rangi, akakaza nati, mambo yakaisha. Alisema umeme ukishaingia lazima utoke, na ukiufungia mlango utatokea dirishani kwa watu. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja.

Maana kasoro yake ilikuwa hiyo. Mbele ya injini alikuwa jasiri, mbele ya mtu alikuwa kimya kama maji mtungini. Dereva mmoja wa sukari alikuwa na tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi, akaichoma. Yirdaw alibadilisha, akasema vitu huchakaa. Baada ya miezi minne yule bwana akarudi na klachi nyingine imeungua, Yirdaw akabadilisha tena, akasema tena vitu huchakaa. Fundi mwingine yeyote angemwambia ondoa hilo guu lako. Lakini ukimuuliza Yirdaw kwa nini hakusema, atakujibu, "Mimi natengeneza magari. Watu wana wenyewe." Nasi tulimpenda kwa ajili hiyo, niseme kweli. Nani asiyempenda fundi asiyemtia aibu? Gereji yake ilijaa kila siku.

Sasa, Dama alikuwa lori la Kitaliano, kongwe kuliko dereva wake, usukani upande wa kulia ili dereva aone ukingo wa bonde akipanda milima. Alikuwa mwekundu wa hudhurungi, na Dama ndilo jina tunalompa farasi wa rangi hiyo. Admasu, aliyemnunua, alikuwa akisema naye njia nzima, akimpigapiga usukani kwa kiganja akifika juu ya mlima salama. Ndiyo sababu hata sisi hatukusema "lile lori". Admasu alikufa kwa ugonjwa wa kifua, akamwachia mkewe Asegedech nyumba, mtoto mmoja wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima, na Dama. Koti lake la ngozi lilibaki limetundikwa nyuma ya kiti. Endris, dereva aliyeajiriwa baadaye, aliendesha miaka miwili bila kulisogeza.

Na Dama alikuwa anakufa. Ndani ya miezi kumi na minne alishamaliza jozi tatu za betri. Jioni anaegeshwa vizuri uani kwa Asegedech, alfajiri ukigeuza ufunguo unasikia tak, basi. Mara mbili aliletwa kwa Yirdaw akiburutwa. Mara mbili Yirdaw alipima chaji akaikuta nzuri, akakaza mkanda wa feni, akabadilisha kaboni za dainamo, akasafisha vichwa vya betri, akafungua kifuniko kimoja, akaona maji yapo, akafunga. Jozi mpya ikawekwa. Baada ya miezi michache, tak.

Belete, mtoto wa Asegedech, alikuwa karani kwenye ghala la saruji, kijana wa shati lililopigwa pasi, na alikuwa na jibu tayari. Jibu lenyewe lilikuwa Endris. Alisema Endris anauza betri mpya njiani na kurudisha mikweche, na kwamba hata bila wizi huo Dama ameshakuwa chuma chakavu. Akazungumza na watu wa tanuri la kuyeyusha vyuma. Wangekuja Alhamisi asubuhi na mitungi yao ya gesi, wamkate Dama palepale uani, vipande vipakiwe. Endris atafute kazi kwingine.

Jumanne Asegedech alikuja gereji kwa miguu, shuka yake nyeupe ameifunga kichwani, akaketi juu ya tairi kuukuu. Yirdaw alimletea kigoda, akakikataa.

"Ndugu yangu Yirdaw," alisema, "Alhamisi wanakuja kumkata. Usiku Admasu akinijia atauliza Dama yuko wapi. Nitamwambia nini? Nitafutie ugonjwa wake."

Yirdaw alisema ataangalia. Asegedech aliondoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, Yirdaw alianza kazi bila kuzunguka gari. Alikuwa na siku moja na nusu, na zaidi ya hapo, alikuwa na aibu. Gari likirudi mara ya tatu na ugonjwa uleule, mgonjwa wa kweli ni fundi.

Dama alivutwa hadi gereji, Endris akiwa kwenye usukani. Huyu Endris alikuwa mtu kamili wa mkoa wetu wa Wollo, mwenye utani hata kwenye msiba. "Gashe," alimwambia Yirdaw, kama tunavyowaita wakubwa zetu, "mimi nimeshakuwa mwizi wa betri. Mke wangu amekagua mpaka uvungu wa kitanda. Amesema kama ni wizi, si bora ningeiba mbuzi tukala?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa na watoto wanne, na dereva aliyefukuzwa kwa wizi hapewi usukani mwingine kuanzia Kombolcha mpaka Djibouti.

Yirdaw alianza mwanzo kabisa, kana kwamba hamjui Dama. Alizichaji betri zote mbili saa kadhaa, akazirudisha, akamwambia Endris apige stata. Dama akawaka. Kwa hiyo stata nzima, na nyaya nene nzima. Akapima chaji injini ikinguruma, akapima tena taa zote zikiwa zimewashwa, haikuyumba. Dainamo nzima. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukarudi unavyotakiwa. Akazima kila kitu, akafungua waya mmoja wa betri, akaunganisha balbu ndogo kati ya waya na kichwa cha betri. Kama kuna umeme unaovuja kwa siri mahali popote ndani ya gari, ile balbu lazima iwake. Haikuwaka. Wakakaa wanaiangalia, yeye na Endris, wamechuchumaa kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Haikuwaka hata kidogo.

"Sasa anakunywa nani huo umeme, Gashe?" Endris aliuliza.

Yirdaw alichukua spana. Alizishusha betri, akaziweka juu ya ubao kavu, hazina waya wala chochote, akafunga gereji akaenda nyumbani.

Jumatano asubuhi betri zilikuwa zimekufa juu ya ubao. Zilikuwa zimelala peke yao, hakuna gari, hakuna taa, hakuna dereva mwizi, na zimekufa. Hapo Yirdaw aliketi. Alijua sasa kwamba alikuwa akimpima mtu ambaye si mgonjwa. Dama hakuwa na neno. Betri zenyewe ndizo zilizokuwa zikijila kwa ndani.

Alifungua vifuniko vyote, safari hii si kimoja. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa pomoni, mpaka mdomoni. Alichukua kile kipimo cha kioo chenye mpira wa kufyonzea, akavuta. Kijiti cha kuelea kilizama mpaka chini, dalili kwamba asidi imeisha nguvu, na maji yalipanda kwenye kioo yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyochujwa mara mbili. Maji ya betri hayana rangi. Na betri inayotumika hukauka kidogo kidogo, haijai.

"Endris, unaongeza maji gani humu?"

"Maji? Gashe, tangu nishike gari hili sijaongeza hata tone. Kila nikifungua, yamejaa. Nikasema hizi betri za siku hizi zimebarikiwa."

Yirdaw alisimama, akaenda kwenye kisanduku cha betri kilicho nyuma ya kibini, chumba cha dereva. Rangi ilikuwa imeliwa na asidi iliyofurika, hilo aliliona zamani akadhani ni chaji nyingi. Sasa alipitisha kidole ukingoni. Palikuwa na nta iliyoganda, matone madogo ya manjano, ya ile mishumaa myembamba kama uzi tunayowasha kanisani. Akapanda kibini. Nyuma ya kiti, chini ya koti la Admasu, palikuwa na kidumu cha lita tatu kilichovikwa kitambaa safi cheupe. Alikifungua akanusa, akamimina kidogo kiganjani. Maji yalinuka chuma. Chini ya kidumu, ndani, palikuwa na pete nyekundu ya kutu.

Aliyajua maji yale. Yanatoka kwenye chemchemi takatifu ya malaika Mikaeli, kule milimani, mwendo wa nusu siku. Mawe ya pale yote ni mekundu, na kikombe ukikiacha na maji yake wiki moja kinabaki na doa lisilotoka. Tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, siku ya Mikaeli, Asegedech hakosi kule. Na Yirdaw alikumbuka jambo jingine. Jozi ya kwanza ilipowekwa, Asegedech alisimama karibu akimtazama akimimina maji ya betri, akauliza ni nini. Yeye, kwa kukosa la kusema, alimwambia, "Hapa ndipo Dama anapokunywa." Mama wa watu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Tangu siku hiyo alimnywesha Dama kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Endris alishaelewa, maana hakuwa mjinga. Alikitazama kidumu, kisha kisanduku. Halafu akasema, "Gashe, weka kufuli. Kisanduku kikifungwa, mchezo umekwisha, na hakuna anayehuzunika."

Lilikuwa wazo zuri, na la kumfaa Yirdaw kabisa kabisa, maana halikuhitaji kumwambia mtu neno. Alishatoa bawaba sandukuni, alishashika kipande cha chuma cha kutengenezea komeo. Kisha aseme nini? Atamwambia Belete betri zilikuwa mbovu tangu dukani. Belete hataamini, atasema ni Endris. Akamuuliza Endris, na mwenye gari akiomba ufunguo? Endris akakuna shingo. "Hapo sasa," alisema. "Mwenye mali akiniuliza ufunguo wa mali yake, mimi niliyekwisha kuitwa mwizi, nimjibu nini?"

Yirdaw aliweka chuma chini. Lakini si kufuli lililokuwa likimsumbua, na ni hapa ninapopaswa kueleza jambo ambalo kwa miaka hiyo yote hakulijua mtu mjini ila yeye.

Admasu alipoanza kukohoa damu, zahanati ilimpa vidonge vya kumeza miezi sita. Alimeza miwili. Kisha Asegedech, aliyekuwa amekesha usiku mwingi akimfutia jasho, akataka ampeleke kwa Mikaeli kwa siku arobaini, na aliyewapeleka ni Yirdaw, akiendesha Dama. Admasu alikaa katikati, kifua kikipiga filimbi, mkewe dirishani. Kule chemchemini walikuwako watu waliopiga kambi, nao walisema mtu hachanganyi: unakunywa maji ama unameza vidonge. Si padri aliyesema, ni watu tu, wale wanaojua kila kitu. Yirdaw alipokuwa ameshawashusha aliiona bahasha ya vidonge imebaki juu ya dashibodi. Aliishika. Alijua ni vya nini, maana mdogo wake mwenyewe alivimeza miezi sita akapona. Asegedech alikuwa tayari amemshika mumewe mkono wanapanda kilima, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Yirdaw aliirudisha bahasha juu ya dashibodi, akageuza gari. Alijiambia yeye anatengeneza magari.

Admasu alirudi kutoka kule akiwa amebebwa, na hakufika msimu wa mvua. Kwa hiyo Yirdaw alijua vizuri: akimwambia mwanamke yule kwamba maji ya Mikaeli yameua betri, hatakuwa anazungumza juu ya betri tu.

Alifanya kazi mpaka saa nane bila kula, na haikuwa taabu kwake maana ilikuwa mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka na sote hatukula mpaka saa tisa. Alifunga kwenye Dama jozi yake mwenyewe ya gerejini, nzima, yenye maji safi. Kisha akachukua betri moja iliyokufa, akaimwaga asidi, akaipasua kwa msumeno, akaosha. Sahani za risasi zilizotakiwa kuwa ngumu zilikuwa zimeoza na kuporomoka, chini kumejaa tope la rangi ya matofali. Alilifunga lile tope na vipande vya sahani kwenye gazeti, na saa tisa na nusu Endris akampeleka kwa Asegedech, Dama akinguruma kama harusini.

Belete alikuwako. Alitoka mlangoni, akalitazama lori, akamtazama Endris, akasema hata maiti huweza kusimamishwa ikiegemezwa ukutani. Endris alibaki kwenye usukani. Yirdaw akakaribishwa ndani, akala mkate wetu wa injera na mchuzi wa shiro uliokuwa umebaki, Asegedech akimkatia tonge na kumlisha kwa mkono wake kama desturi. Baada ya hapo Asegedech alieneza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa, akaitwanga, akaweka bakuli la shayiri ya kukaanga. Alikuwa na furaha. Alimsikia Dama akiingia uani kwa sauti yake mwenyewe.

Kikombe cha kwanza kilipita. Belete aliuliza kama Gashe Yirdaw amemkamata mwizi au bado. Yirdaw alitazama kikombe. Cha pili kikamiminwa. Belete akasema basi, kesho asubuhi watu wa tanuri wanakuja, na yule bwana wa nje arudishe funguo leoleo, ashukuru haendi polisi.

Yirdaw aliweka kikombe chini na kupiga moyo konde.

"Endris hajaiba kitu," alisema. "Nyamaza kidogo, Belete. Mama Asegedech, ugonjwa ni maji. Yale ya Mikaeli unayomimina kwenye betri."

Yirdaw alifungua gazeti juu ya majani, akawaonyesha. Alieleza, na alieleza vizuri, maana alikuwa akisema juu ya risasi na asidi: kwamba maji yale yana chuma ndani yake, na chuma kikiingia kwenye betri kinakula umeme wake usiku kucha hata kama gari limelala. Alisema jozi zote tatu zilikufa hivyo. Alisema kosa ni lake pia, kwa kuwa ndiye aliyesema hapa Dama anakunywa, tena mara mbili alifungua kifuniko kimoja tu, kwa uvivu.

"Maji ya malaika yaharibu kitu?" Asegedech aliuliza, taratibu.

"Maji hayana kosa, dada yangu. Yamewekwa mahali pasipo pake. Nyunyiza kwenye magurudumu, nyunyiza kwenye vioo, nyunyiza kwangu mimi. Ndani ya betri, hapana."

Belete alikuwa ameinamisha kichwa. Kumbe naye alimwona mama yake akitoka na kidumu alfajiri, mara nyingi tu, na hakuuliza. Asegedech alimgeukia, akamwambia aende kwa watu wa tanuri sasa hivi, awaambie wasije, na akipita nje amwombe Endris radhi, kwa sauti ya kusikika. Belete alikwenda. Walimsikia uani akisema maneno machache ya kujikwaa, na Endris akijibu kwamba hakuna neno, ila kuanzia leo akipotelewa hata na kalamu asimtafute yeye.

Basi Dama alikuwa amepona, na Endris ana kazi. Yirdaw alitaka kuinuka. Lakini kikombe cha tatu bado, na mtu haondoki kabla ya cha tatu, kwani hicho ndicho cha baraka. Asegedech aliongeza maji kwenye chungu cha kahawa, akakirudisha kwenye makaa, akakaa akilitazama lile gazeti na tope lake jekundu. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikachemka na kuanza kumwagika, na hakuitoa. Yirdaw ndiye aliyeitoa.

"Ni wewe uliyetupeleka kule," alisema Asegedech.

"Ni mimi."

"Vidonge vyake vilibaki juu ya dashibodi. Nilivikuta baada ya mazishi, palepale. Ulirudi navyo mpaka mjini viko mbele ya macho yako."

Angeweza kusema hakuviona. Barabara ile ni mbaya, dereva hutazama mbele. Alifikiri kusema hivyo, na mdomo ulishafunguka.

"Niliviona," alisema.

"Ulijua ni vya nini?"

"Nilijua."

Asegedech alimimina kikombe cha tatu. Alikijaza mpaka ukingoni kama inavyotakiwa, akamwekea mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi siku ile. Sikutaka kukuudhi."

Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Alimtazama usoni, na hakumwita tena ndugu yangu.

"Bora ungeniudhi, Yirdaw," alisema. "Ungeniudhi tu."

Kwa desturi yetu, kwenye kikombe cha tatu mkubwa aliyepo ndiye anayeomba baraka juu ya nyumba, na mkubwa pale alikuwa yeye. Yirdaw alifungua viganja, akatafuta maneno, akayakosa. Asegedech alimngoja kwa muda mrefu. Kisha akaanza kukusanya vikombe, akakiacha kile kilichojaa. Nje, Endris alikuwa na mzigo wa kupakia saa kumi na moja. Alipiga stata, na Dama akawaka mara moja.